Feni za Marehemu

Wakati huo nilikuwa natengeneza kompyuta kwenye kibanda changu pale Omurushaka. Asubuhi moja akaja mama mmoja wa Nyabiyonza, akaniomba niende kwake. Mumewe alikuwa akihariri video za harusi, na alikuwa amefariki miezi kadhaa iliyopita. Kompyuta yake ilikuwa ikiwashwa tu inachemka na kujizima, na ndani mlikuwa na video za watu ambao bado walizisubiri.

Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo ya kahawa zamani, hakina dirisha. Nilipofungua ubavu wa kasha la kompyuta nikaona tatizo papo hapo. Kwa kawaida feni ya mbele huvuta hewa ya baridi, za nyuma na juu hutoa joto. Marehemu alikuwa amezigeuza zote. Za nyuma na juu zilivuta, na ya mbele ilitema joto usoni kwa anayeketi.

"Mama, alizipanga hivi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Siku za mwisho alikuwa anasikia baridi sana. Alisema hapo anapata joto."

Akatoka na kurudishia mlango, maana alikuwa ameanika kahawa uani na vumbi lilikuwa likiingia. Mimi nikabandika kipande chembamba cha tishu mbele ya kasha, ili baadaye nione hewa inaelekea wapi. Waya wa umeme nilikuwa nimeshauchomoa, umelala magotini mwangu.

Tishu ikanyanyuka. Ikavutwa ndani, ikatulia kidogo, kisha ikasukumwa nje. Ikarudia. Feni haifanyi hivyo. Feni husukuma upande mmoja tu. Nikaweka kiganja. Hewa ilikuwa ya vuguvugu, na mashine ile haikuwa imewashwa tangu jana yake.

Nilimwita mama kwa sauti ambayo sikuitambua. Akafungua mlango, akaitazama tishu, wala hakushtuka.

"Usiogope, mwanangu. Huwa anapumua hivyo mchana."

Nilishika bisibisi nikafanya kazi niliyoijua. Nikazigeuza feni zote tatu, nikafunga nyaya pembeni zisizuie njia ya hewa, nikawasha. Tishu ikalala bapa kwenye matundu ya mbele. Mashine ikaenda vizuri, haikujizima. Kwa fundi, hiyo ilikuwa kazi nzuri.

Mama akapiga magoti mbele ya kasha, akasogeza uso karibu. Alikaa hapo hadi nikaanza kuona haya kumtazama.

"Nirudishie kama zilivyokuwa," akasema.

"Itachemka tena, mama. Itaungua."

"Basi toa hizo video za watu uende nazo. Hili kasha niachie."

Tukafanya hivyo. Nikazima mashine, nikachomoa waya, nikatoa diski, nikaifunga kwenye kitenge alichonipa, na kule kibandani nikaiweka kwenye kompyuta nyingine. Wenye harusi zao walizipata zote. Lakini kabla ya kuondoka nilizirudisha feni alivyozipanga marehemu, moja baada ya nyingine. Nilipokaza skrubu ya mwisho kitu kikanipulizia vidole, taratibu, kama mtu anayepoza chai.

Sikubandika tishu tena. Mama alikuwa ameshainjika ndizi jikoni, akanisihi nile kwanza. Kwetu kuondoka chakula kikiwa jikoni ni utovu wa adabu. Niliondoka, na hakunilaumu.