Kitenge Kilichonipa Heshima Kimironko

Mkoba wa mandolini yangu ulichanika wiki ileile niliyohamia Kigali. Nikaifunga kwa kitenge, nikaibeba mgongoni na tumbo lake la duara hadi kituo cha basi cha Kimironko. Foleni nzima ikanipisha. Mama mmoja akasema, "Pita mbele, papa, jua iko mingi."

Nikajisemea, hatimaye nimepata mji unaoheshimu wasanii. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wangu maarufu, nikawaahidi wimbo.

Nilipofika mlangoni, yule mama akasema, "Mguu ya mtoto iko inje." Akashika shingo ya mandolini aifunike, nyuzi zikalia. Akafunua kitenge.

"Mtoto hakuna," akawatangazia watu. "Iko gitari."

Nikarudi mwisho wa foleni, wala sikuthubutu kumsahihisha kwamba ni mandolini.