Mbao Zilizokuwa Chini ya Kitanda

Juzi alikuja kijana wa mambo ya turathi, ametumwa kutoka mjini Eldoret. Anatafuta nyumba ya mbao ya Mzungu iliyokuwa huku kwetu Kiplombe. Ati ni urithi. Nilimwambia miguu inaniuma, na hiyo nyumba ameikosa kwa zaidi ya miaka hamsini.

"Sasa Mama, ilienda wapi?"

Ilienda kila mahali, nikamwambia, keti nikueleze mara moja tu kwa sababu nimechoka kuieleza.

Baba yangu alikuwa fundi wa yule Mzungu. Kila kiangazi alipanda ngazi, akakwangua rangi ya zamani, akapaka nyeupe mpya, akabadilisha mbao iliyooza. Zilikuwa mbao za mutarakwa, ule mwerezi wa milimani, zimelaliana ili maji ya mvua yateleze nje. Ukingoni mwa veranda kulikuwa na nakshi zilizokatwa kwa msumeno mwembamba, na nusu ya zile nakshi ni mkono wa baba. Lakini mlango wa mbele hakuwahi kuupitia. Sisi watu wa kazi tulikomea jikoni.

Uhuru ulipokuja Mzungu akauza. Watu wetu waliotoka mkoa wa Central wakajiunga, wakanunua shamba kwa hisa, baba akiwa mmoja wao. Ardhi tuligawana kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia. Ng'ombe vilevile. Ikabaki nyumba. Baba aliwaomba waiache nzima, iwe shule, iwe kanisa, iwe chochote. Kamati ikakataa. Walisema atakayelala mle leo, kesho atatuita maboi. Basi igawanywe sawasawa, mbao kwa mbao. Na kwa vile mtu mwingine angezipasua, wakamgeukia yeye: "Mzee, wewe ndiye unaijua. Ibomoe wewe."

Akaibomoa. Nyuma ya kila mbao aliandika nambari kwa penseli, na kwenye kijitabu akaandika imeenda kwa nani. Alisema watu wakishajenga nyumba za mawe watazirudisha, naye ataisimamisha tena, ndani ya shamba letu, na mama atapita mlango wa mbele. Sikuwahi kumwona akiamini kitu namna ile, hata kanisani.

Mbao zikawa vyoo, zikawa vibanda vya kuku. Baba alipita kwa majirani akijifanya anasalimia, kumbe anakagua. Walimcheka. Fungu letu alilipanga chini ya kitanda, na ole wako uliguse. Sisi wenyewe tulikuwa ndani ya nyumba ya udongo inayovuja. Mama alisema mpaka akachoka kusema.

Halafu ikaja Julai moja mbaya. Mvua wiki nzima, kuni zote zimelowa. Mama alikuwa na siku tatu tangu ajifungue, hana nguvu ya kuketi, na mtoto alikuwa ameacha kulia, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipuliza zile kuni mpaka machozi, moshi mtupu. Baba alikuwa ametoka kwenda kukagua mbao zake. Nilimchukia siku hiyo, sitaficha. Nikavuta mbao moja chini ya kitanda, nikaipasua kwa shoka.

Ilishika moto mara moja. Kwenye kipande cha mwisho niliona nambari: moja. Ilikuwa ile ya kando ya mlango wa mbele.

Baba akaingia, nami bado nimeshika shoka. Akautazama moto. Akaenda kwa mtoto, akamshika nyayo, akakaa nazo mkononi. Nilingoja kofi, afadhali angenipiga. Alitoa kijitabu kwenye koti, akapiga mstari juu ya nambari moja. Kisha akainama, akavuta mbao nyingine, akanipokonya shoka, akaanza kupasua.

Tulizichoma zote wiki ile.

Kijana aliniuliza kama kuna chochote kilichobaki, apige picha. Nikamwonyesha ndugu yangu, yule wa Julai, alikuwa pale nje anafunga ng'ombe. Akadhani ninamtania.