Ng'ambo ya Nani?

Kabla ya sheria nilisoma hisabati, na mpaka leo sijapona. Ofisini kwangu Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, nimeandika programu ya kompyuta ya kupima maelezo ya mashahidi: nani alikuwa wapi, nani anampinga nani. Mawakili wenzangu hunicheka. Mimi nami huwahurumia, maana wanategemea kumbukumbu.

Basi akaja mama mmoja mkulima wa upande wa Amagoro. Lori lilikuwa limemgonga maksai wake akafa. Maksai wa jembe hufungwa wawili wawili. Aliyebaki alikuwa akila tu, mvua imekaribia, shamba halijalimwa. Mwenye lori alidai ajali ilitokea Uganda, kwa hiyo mahakama yetu haimhusu. Shahidi wetu alikuwa mmoja tu, mchuuzi wa mihogo kutoka Tororo, Uganda.

Niliingiza maelezo yake kwenye mashine. Alikuwa amesema maksai aligongwa "ng'ambo". Programu ikajibu papo hapo: Uganda. Nikamweleza mama, kwa upole wa msomi, kwamba shahidi wake amemruka na afadhali tuiondoe kesi.

"Wakili, alikufa hapa hapa Malaba kwa lami," akasema. "Mimi nilimfunika na leso yangu. Hiyo kompyuta ilikuwa wapi?"

Alikataa katakata, nikaenda mahakamani roho mkononi. Wakili wa mwenye lori akamuuliza mchuuzi swali moja tu: maksai aligongwa wapi?

"Ng'ambo."

Wakili yule akaketi akitabasamu. Nilisimama bila swali lolote. Ili nivute muda, nikamuuliza shahidi alivyofika mahakamani.

"Nimevuka asubuhi, boss. Si lazima uvuke ndio ufike ng'ambo?"

"Ng'ambo ni hapa?"

"Sasa mimi nikiwa kwetu Tororo, ng'ambo ingine iko wapi?"

Hakimu aliinamia faili, mabega yakimtikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimezaliwa upande huu, na tangu utotoni ng'ambo kwangu ni Uganda. Ndivyo nilivyoifundisha mashine, bila kuiambia iulize kwanza msemaji kwao ni wapi. Mwanafunzi wa hisabati angefelishwa kwa hilo.

Hakimu aliamua kesi isikizwe hapa. Mwenye lori hakungoja isikizwe. Alileta maksai mwingine kabla msimu wa kupanda haujapita. Nilikwenda kumwona akifungwa nira kando ya mwenzake. Walipoanza kulivuta jembe pamoja, machozi yakanitoka. Nikamwambia mama ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.