Shikamoo ya Mbwa

Daktari wa mbwa hamgusi mgonjwa kabla ya kumwamkia. "Shikamoo, mzee," alimwambia mbwa mkongwe wa bibi mmoja, kisha akasubiri kabisa, na mbwa akaendelea kujikuna. Bibi alitaka kucheka, lakini roho ilikuwa juu kwa sababu ya kivimbe kilichoota mgongoni mwa mbwa. Vidole vinene vya daktari vikakizunguka taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. "Kinateleza, bibi. Ni kifuko cha mafuta, hakina neno. Kinachomwasha ni hiyo sabuni yako ya kufulia inayonukia mwilini mwake." Bibi akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana kila mbwa alipojikuna, yeye alimwogesha tena kwa sabuni hiyo hiyo. Daktari akamkuna mzee kiunoni, na mguu wa nyuma ukaanza kupiga meza wenyewe. "Haya," akasema daktari, "sasa ameitikia."