Sendofu kwa Mlio wa Mashine ya Kusaga

Sijui kama nitaieleza sawasawa, maana mimi shule niliishia darasa la saba, na mambo ya muziki siyajui zaidi ya kupiga mguu chini. Lakini nilikuwepo, na mkoba wenye flashi mbili nilikuwa nao mimi.

Mdogo wangu wa kike ni fundi simu, ana kimeza chake mtaa wa Kanyenye. Muda mrefu amekuwa akirekodi mji: mlango wa chuma wa duka ukipandishwa asubuhi, mafundi wa gereji wakinyoosha bodi, honi ya treni ikiwa mbali. Halafu anazipanga sauti hizo kwenye kompyuta, anazivuta mpaka zinakuwa ndefu, anazilaza moja juu ya nyingine. Hakuna maneno, hakuna ngoma. Muziki unakaa tu chumbani kama moshi wa jikoni, na chini yake inanguruma mashine ya kusaga.

Nikamwuliza, "Sasa hapa mtu anacheza wapi?"

"Dada, huu hauchezwi. Unakaa ndani yake."

Nikajaribu kukaa ndani yake. Mara mbili nilisinzia. Kusema haki, mara ya tatu nilifika mwisho, na nilipotoka nje nikausikia mji mzima kama vile umeanza upya. Au labda ulikuwa usingizi.

Alipochumbiwa, akasema siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kwetu, ataingia ukumbini kwa muziki wake. Si wimbo wa mtu. Wake.

Mama akaweka ungo chini. "Watu watoke Isikizya, watoke Choma huko, wavae vitenge vipya, waje kusikiliza mashine ya kusaga? Kwani kwao hawana?"

"Mama, ile mashine ndiyo imenilea."

Ni kweli. Mama aliuza unga mlangoni pa ile mashine miaka mingi, huyu akiwa mgongoni. Lakini na mama alikuwa na haki yake. Amecheza kwenye sendofu za watoto wa wenzake mpaka viatu vikakatika, na huyu ndiye binti yake wa mwisho. Alitaka aingie kama wengine wanavyoingia, vigelegele vipigwe, basi.

Tulipobaki wawili, mdogo wangu akaniambia, "Mimi naondoka hapa, dada. Nikiingia kwa wimbo wa kuazima, nitakuwa nimeaga kwa sauti ya mtu mwingine."

Mama akanipa flashi ya wimbo wa harusi. Mdogo wangu akanipa ya kwake. Kila mmoja akaniambia kwa wakati wake, "Wewe ni mtu wa haki." Sifa hiyo imenitesa tangu utoto. Nikampa fundi mitambo zote mbili: aanze na ya bibi harusi, watu wakinuna abadilishe. Nikajiona nina hekima.

Siku yenyewe umeme ukakatika mchana. Likawashwa jenereta nje ya dirisha, mjomba akapewa kulichunga. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, bibi harusi kasimama na gauni lake la kijani. Muziki ukaanza: ngurumo ya chini, halafu chuma kikalia. Watu wakatazamana.

"Jenereta linakufa hilo!"

Mjomba hakusubiri. Akalizima.

Simlaumu. Hata mimi niliyeuzoea kidogo niligeuka kuangalia dirishani. Lakini kukawa kimya, na mdogo wangu yuko mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, hana muziki wake wala wa mama. Mama akanitazama kwa jicho ambalo sitaliandika.

Hapo akainuka jirani yetu Mzaramo, muuza vitumbua. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za babu zetu kubeba mizigo kwa miguu mpaka pwani. Mtani akikusema hukasiriki, na akichukua kitu chako humdai. Akanyakua sinia tupu kwenye meza ya chakula.

"Wanyamwezi! Mlibeba meno ya tembo mpaka kwetu, leo mmeshindwa kumfikisha bibi harusi kwenye kiti kile? Haya, mashine hii hapa!" Akaligonga sinia kwa mwiko, akavimbisha mashavu: "Pu-pu-pu-pu!"

Ukumbi ukacheka. Mama hakucheka.

"Hiyo ni pikipiki," akasema.

"Nini?"

"Pikipiki, mtani. Wewe umezoea kukuna nazi, mashine utaijulia wapi? Mashine inaanza kwa kukohoa."

Na mama yangu mwenyewe, na kilemba chake kipya, akakohoa kama injini ya dizeli. Akaishika ngurumo kooni, akaivuta. Mahindi yakaingia, sauti ikazama. Yakaisha, ikapanda. Wanawake waliopanga foleni pale maisha yao yote wakaitambua, mmoja akaidaka, wakafuata wengine. Meza ya nyuma wakagonga chupa za soda kwa vijiko, hao ndio gereji. Mtu akapiga honi ya treni kwa mdomo, vibaya. Mzaramo akaendelea na pikipiki yake, makusudi.

Mdogo wangu akaingia. Polepole, maana muziki ule hauna haraka, huku analia na kucheka.

Nimejiuliza sana kama walikuwa wanamdhihaki au wanampigia. Nadhani vyote viwili, na waliocheka kuliko wote ndio waliopiga vizuri zaidi. Alipofika kwenye kiti, jenereta likawashwa, ukawekwa wimbo wa mama, na mama na bintiye wakaucheza pamoja. Haki ni haki.

Mzaramo aliondoka na sinia letu kichwani. Kesho yake asubuhi mdogo wangu akamfuata mama jikoni, simu mkononi.

"Mama, rudia kidogo pale pa kukohoa."

"Hebu nitokee hapa, nina kazi."

Hakutoka. Mama akachungulia uani kama kuna mtu, akaweka ungo chini, akasafisha koo.