Wastani wa Darasa la Nne

Kwa miaka kumi na tisa mwalimu wa takwimu amejaza fomu ile ile: wavulana, wasichana, yatima, wastani wa alama. Mwaka huu darasa la nne lilipungukiwa alama moja kufika hamsini, na mwalimu mkuu akaja na dawa.

"Mama, yule binti aliyeshika mkia darasani mwandike amehama."

"Amehamia wapi?"

"Popote. Fomu haiulizi."

"Akihama kwenye fomu, mkuu, hatasajiliwa mtihani. Shule ndiyo imemwishia."

"Lakini wastani utapanda."

Mwalimu akafungua kifuniko cha kalamu. "Sawa. Akitoka yeye, wa mwisho atakuwa mwanao. Huyo naye nimhamishie wapi?"

Mkuu akaivuta orodha ya alama, akaisoma kwa kidole mpaka chini.

Fomu ilipelekwa na arobaini na tisa yake, watoto wote wakiwamo.