Mama Yangu Kwenye Bango la Malili

Kazi yangu ni kuwafanya watu watake kitu ambacho hawakuwa wanakitaka walipoamka asubuhi. Naifanyia Kitui na Makueni. Nimeuza sabuni, nimeuza unga, na sasa nauza ndengu za pakiti. Najua unachofikiria. Kumpelekea Mkamba, anayezilima mwenyewe, ndengu kwenye pakiti kunahitaji uso mkavu, na mimi ninao.

Ndengu hizo zilipoanza kuuzwa, kampuni ilitaka sura ya mkulima kwa ajili ya matangazo. Bosi alitaka mtu halisi, si mwigizaji wa Nairobi aliyepakwa vumbi. Nikainua mkono kikaoni, nikasema mkulima ninaye. Mama yangu analima ndengu karibu na Kasikeu. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Tulifika nyumbani asubuhi, mimi na mpiga picha, na wenzangu wawili wa ofisini waliokuja kubeba vifaa. Mama alikuwa amesimama langoni. Alikuwa amevaa sare ya kina mama wa kanisa: gauni la buluu lenye kola nyeupe, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi hadi vikang'aa. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, viti vimetandikwa vitambaa vya kufuma, na chapati zilikuwa zimefunikwa mezani.

Mpiga picha alimtazama, akaninong'oneza kwamba mama anaonekana kama anayeenda mkutanoni. Nami nikakubali haraka, na hapo ndipo kosa lilipokuwa langu.

"Mwaitu," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu, "tunataka picha ya mkulima."

"Mimi ni mkulima."

"Mkulima akiwa kazini."

"Sasa hii nguo iko na shida gani?"

Nikamweleza kuhusu wateja wa mjini, kwamba wanapenda kuona uhalisia. Alinisikiliza vile anavyomsikiliza daktari, bila kukatiza na bila kuamini. Kisha akaingia ndani, akatoka na sweta iliyotoboka kiwiko na leso kuukuu. Mpiga picha akaonyesha miguu ya mama kwa kidole.

"Hata viatu?" mama akaniuliza mimi, si yeye.

"Hata viatu, mwaitu."

Niseme jambo moja. Mama yangu hulima na gambuti. Katika maisha yangu yote sijamwona akiingia shambani miguu mitupu, kwa sababu anaogopa miiba na nyoka, na ana akili. Uhalisia wetu tuliutunga sisi wenyewe pale uwanjani, chapati zikipoa. Mama alitia sahihi karatasi ya ruhusa, na kampuni ikamshukuru kwa katoni moja ya ndengu. Aliipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Bango likapandishwa Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kubwa kuliko nyumba yetu. Ofisini walinipigia makofi. Mama hakuwa ameliona wala hakuniuliza habari zake, mpaka kina mama wa kanisa lake walipokodi basi kwenda kongamano Machakos. Jioni hiyo akanipigia simu.

"Nimejiona," akasema.

"Ukajionaje?"

"Nimejiona tu."

Aliniambia basi lote lilinyamaza. Yeye ndiye mwenyekiti wa kina mama hao, na ndiye huwakaripia wanaokuja na kola ambayo haijapigwa pasi. Hakuna aliyemcheka. Angechekwa, nadhani angejua la kufanya. Jumapili iliyofuata aliketi benchi la nyuma, na iliyofuata pia, na kiti cha mwenyekiti kikabaki wazi. Nilipomwuliza sababu, alisema mgongo unamuuma.

Nami nilimwamini kuhusu mgongo, kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Wiki chache baadaye nilikuwa Kwa Vonza, nikibandika mabango madogo ya picha ile ile kwenye maduka. Wanafunzi wa chuo hununua pakiti kule. Mwenye duka mmoja, mama wa makamo, alishika karatasi akaitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama tangazo.

"Na huyu mama hana watoto?"

"Anao," nikasema.

"Wako wapi na mama yao anatembea hivi?"

Nilikuwa nimevaa fulana ya kampuni na viatu vipya vya ngozi.

"Wako kazini," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akaibandika mwenyewe mlangoni. Nilirudi garini nikaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kupasha masikio moto. Nilikuwa nimepita chini ya bango lile la Malili mara nyingi nikiangalia kama rangi imetoka vizuri.

Nikamwomba bosi alishushe. Akasema picha inauza, na mama alitia sahihi. Yote mawili yalikuwa kweli. Nilikasirika, nikafunga mlango wake kwa nguvu kidogo, halafu nikarudi kwenye meza yangu nikaendelea kuuza ndengu. Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi, lakini sikuacha. Bango lilikaa Malili mpaka mkataba wake ulipokwisha.

Lilipoteremshwa nililiomba, kwa sababu turubai zile ni imara na huku kwetu hazitupwi. Nikalipeleka nyumbani wakati wa mavuno. Mama aliligusa, akalisifu uzito, kisha tukalitandaza uwanjani, uso chini. Tukamwaga ndengu kavu juu yake na kuanza kuzipiga kwa fimbo, yeye na gambuti zake upande huu, mimi upande ule.

"Mwaitu, nisamehe kwa ile picha," nikasema. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno marefu zaidi, yakanitoka hayo tu.

Aliendelea kupiga.

"Unajua mimi sikuvaa ile sare juu ya kampuni," akasema. "Kampuni siijui. Uliniambia unakuja na watu wa ofisi yenu. Nikasema wacha waone huyu mtoto ametoka kwa watu."

Nilisimama na fimbo yangu. Nilikuwa nimefundishwa kusoma mteja kabla hajafungua mdomo, na mama yangu alikuwa amesimama langoni amevaa jibu mwili mzima. Nililia, na sikujificha. Aliniacha nilie, akaendelea na upande wangu.

Jua lilipoanza kushuka, nikamwuliza kama anaweza kuvaa sare yake nimpige picha, yangu mwenyewe, ya kuweka mezani kwangu ofisini. Aliweka fimbo chini, akanawa miguu, akaingia ndani. Alichukua muda wake. Nilisikia pasi ya makaa ikigongwa, nikatazama mwanga ukipungua, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii sikumharakisha mtu.

Alitoka na gauni la buluu, kola imenyooka, viatu vinang'aa. Akaja kusimama karibu nami, akanitazama kuanzia nywele zilizojaa makapi hadi miguuni, ambako nilikuwa nimevua viatu vyangu vya ngozi nisivichafue.

"Na wewe unataka kusimama na mimi ukiwa hivyo?" akasema. "Kuna nguo yako kwa sanduku. Enda ubadilishe."